Waliniuliza Kuhusu Msitu Wao

Najua nimewatupa kwa wiki kadhaa. Kazi zimebana, watoto wameugua mafua kwa zamu, na baridi ya huku mnaijua kwa kuisikia. Leo nimepata nafasi, chai iko mezani, basi niwalipe deni. Nitawapeni historia kidogo, maana kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu na sijawahi kulisema lote.

Jambo lenyewe ni misitu ya milimani kwetu: mpango wake unapoandikwa, nani anaulizwa? Ajabu ni kwamba swali hili lilinijia kwenye msitu usio na mlima hata mmoja, hapa hapa mjini.

Wanaokaa Brussels wanaujua msitu wa Soignes. Uko kusini mashariki mwa mji, una hekta kama 4,400, na unagawanywa na serikali tatu: zaidi kidogo ya nusu ni wa Flanders, kama asilimia 38 ni wa Brussels, kipande kidogo kilichobaki ni wa Wallonia. Ukipanda tramu namba 44 kwenda Tervuren unapita katikati ya miti kana kwamba umeondoka mjini, kumbe bado tiketi ni ileile ya mjini. Miti mingi ni ya jamii moja, mirefu, imenyooka, magome yake laini ya kijivu. Ukisimama chini yake unajisikia uko kanisani. Wenyeji nao wanaufananisha na kanisa kuu.

Siku moja, kabla ya mwaka 2019, nilikwenda ofisi ya manispaa kufuatilia karatasi zangu za ukaazi. Nikiwa kwenye foleni nikaona tangazo ukutani. Nilidhani ni la kodi. Kulisoma vizuri, lilikuwa linasema kuna rasimu ya mpango mpya wa kusimamia sehemu ya Brussels ya msitu wa Soignes, kwamba mtu yeyote anaweza kuja kuisoma, na mwenye maoni ayaandike kabla ya tarehe fulani.

Nilipofika dirishani nikamwuliza yule mama, "Na mimi mgeni naweza kuandika?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Unaishi hapa?"

"Ndiyo."

"Unautumia msitu?"

"Jumapili, na watoto."

"Basi andika."

Nikaandika sentensi nne. Mbili zilikuwa za njia zinazojaa matope mtoto akiwa kwenye kigari, moja ya mbwa wasiofungwa, na ya mwisho nilisema naomba miti ile mirefu isikatwe yote. Maana ndipo ulipokuwa ubishi wenyewe. Wataalamu walikuwa wanasema miti ya aina moja haitahimili ukame na joto linaloongezeka, kwa hiyo msitu uchanganywe mialoni na aina nyingine. Wananchi wengi walikuwa wanalilia lile kanisa lao. Mpango ulipopitishwa mwaka 2019 ulielekea kwenye kuchanganya miti, lakini ubishi ule ulifanyika hadharani, hoja kwa hoja, na wakubwa walitakiwa kueleza wameyafanyia nini maoni yaliyokuja.

Jumapili iliyofuata nilimsimulia mzee mmoja wa Kabare, karibu na Bukavu, ambaye kwangu hapa Brussels ni kama baba mdogo. Huwa tunakutana Matonge, mtaa wa Wakongo, tunapigana soga za Kiswahili, yeye chake cha Kivu na mimi changu cha Kilimanjaro. Nilidhani atafurahi. Alicheka mpaka akatoa leso.

"Weye! Banakuuliza weye?" akasema. "Mwanangu, kwetu abakutuulizaka hata siku moja."

Yaani, kwa ambao hamjazoea Kiswahili cha Bukavu: kwetu hawakutuuliza hata siku moja. Na aliposema "kwetu" hakuwa anasema msitu wa kutembeza mbwa. Alikuwa anasema Kahuzi.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma. Na nataka nianze na Wabelgiji wenyewe, maana kuna watu kwetu wanadhani Mzungu alizaliwa akiwa anaulizwa. Si kweli hata kidogo.

Mwaka 1822, nchi hii ikiwa bado chini ya Mfalme William wa Kwanza wa Uholanzi, mfalme alianzisha shirika la fedha ambalo baadaye lilijulikana kama Société Générale. Sehemu ya mtaji aliolipa ilikuwa msitu wa Soignes. Msitu mzima ukawa mali ya benki. Ubelgiji ilipojitenga mwaka 1830, shirika lile likaanza kuuza. Kwa miaka michache zaidi ya nusu ya msitu ikaenda, ikafyekwa, ikawa mashamba na majumba ya wenye nazo. Kilichobaki kilirudi serikalini mwaka 1843, na ndicho tunachokiona leo. Maskini wa vijijini waliozoea kuokota kuni humo na kuchunga mifugo yao hawakuitwa kwenye kikao chochote.

Kilichobadilisha mambo ni ukaidi wa watu. Mwaka 1909 mchoraji aitwaye René Stevens na wenzake walianzisha chama cha marafiki wa msitu wa Soignes. Walipiga kelele, waliandika, waliongoza watu kutembea msituni ili waupende na wautetee. Chama kile kipo mpaka leo, zaidi ya miaka 100. Baadaye sana, mwaka 1998, nchi za Ulaya zilitia saini mkataba katika mji wa Aarhus, Denmark, unaosema mwananchi ana haki ya kupewa habari za mazingira, kushiriki katika maamuzi, na kwenda mahakamani akinyimwa. Ubelgiji iliuridhia mwaka 2003. Na kuna kifungu humo nimekipenda sana: watu washirikishwe mapema, wakati njia zote bado ziko wazi. Siyo baada ya ramani kuchorwa.

Kwa hiyo lile tangazo nililolikuta ukutani lilikuwa na karne nzima ya kelele nyuma yake.

Sasa rudini kwenye ile benki. Société Générale iliyoanza na msitu wa Soignes mfukoni ndiyo hiyo hiyo iliyoshiriki mwaka 1906, pamoja na Mfalme Leopold wa Pili, kuanzisha makampuni makubwa ya Kongo, ikiwemo Union Minière ya Katanga. Ndivyo Brussels ilivyo. Ukivuta uzi wowote hapa, mwisho wake uko Kongo.

Na uzi wa misitu unakwenda hivi. Mfalme Albert wa Kwanza alizuru Marekani mwaka 1919 na kuonyeshwa hifadhi zao za taifa. Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alikwenda kwenye volkano za Kivu kuwinda gorila kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Baada ya kuwaua aliingiwa na huruma, akaanza kampeni ya kuwalinda waliobaki. Tarehe 21 Aprili 1925, kwa amri ya mfalme, ikazaliwa Hifadhi ya Taifa ya Albert, ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika nzima. Ilianza kwenye milima ya volkano kama Mikeno na Karisimbi. Ikapanuliwa mwaka 1929, na tena miaka ya 1930, mpaka ikafika ziwa Edward na milima ya Ruwenzori. Akeley mwenyewe hakuiona ikikua. Alifariki mwaka 1926 kwenye miteremko ya Mikeno na akazikwa huko huko.

Mwaka 1934 iliundwa taasisi ya kusimamia hifadhi zote za Kongo ya Wabelgiji. Makao makuu yake yalikuwa wapi? Goma? Bukavu? Hapana. Brussels. Mwenyekiti wake alikuwa Victor van Straelen, ambaye pia alikuwa mkurugenzi wa jumba la makumbusho ya viumbe hapa mjini. Jumba hilo nalijua vizuri. Wanangu wanalipenda kwa ajili ya mifupa ya majitu ya kale, wale Iguanodon waliochimbuliwa Bernissart mwaka 1878. Nimewapeleka mara ngapi sijui, na muda wote huo sikujua kwamba bosi wa jengo lile ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya nani akanyage msitu wa Mikeno.

Msimamo wa van Straelen ulikuwa kwamba asili iachwe kabisa bila mkono wa binadamu. Hakuna kukata, hakuna kuchunga, hakuna kuwinda, hakuna kupita. Wanasayansi walipewa kibali. Msafara wa G. F. de Witte ulizunguka hifadhi kuanzia mwaka 1933 hadi 1935, ukarudi Brussels na vyura, nyoka, wadudu na mimea, na taasisi ikachapisha vitabu kwa vitabu. Chura wa Kivu alihesabiwa vizuri sana. Aliyekuwa akichota maji alikokuwa akiishi chura huyo alibaki mtu wa kuambiwa asogee.

Msiseme labda waliulizwa ila hatujui. Muundo wenyewe haukuwa na mahali pa kuulizia. Kwa sheria ya mwaka 1908, Kongo ilitungiwa sheria kwa amri za mfalme, na baraza la kuzipitia lilikaa hapa Brussels. Mkongo alipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1957, tena kwa mambo ya manispaa tu na katika miji mitatu tu. Hifadhi ilikuwa na umri wa miaka 32.

Sasa Kahuzi, mlima wa mzee wangu. Una urefu wa mita 3,308, na mwenzake Biega mita 2,790. Wabelgiji waliufanya hifadhi ya wanyama na misitu mwaka 1937. Uhuru ukaja mwaka 1960. Mwaka 1970 serikali ya Mobutu ikautangaza kuwa hifadhi ya taifa, hekta 60,000, kwa juhudi kubwa za Mbelgiji mmoja, Adrien Deschryver. Mwaka 1975 ikapanuliwa mara kumi, ikawa hekta 600,000. Mwaka 1980 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Ndani ya msitu ule wa juu waliishi Batwa. Waliishi kwa kuwinda, asali, dawa za miti, na makaburi ya wazee wao yako humo. Walitolewa, bila kuombwa ridhaa yao na bila ardhi nyingine ya kuhamia. Mzee alikuwa kijana mdogo. Anasema aliwaona wakikaa pembezoni mwa mashamba ya watu, wakifanya vibarua ili wale. Watu waliojua kila mti kwa jina lake wakawa hawana hata mti mmoja wa kukatia kuni.

Hapa nataka niwe mkweli, maana mzee mwenyewe ni mkweli. Nilimwuliza, "Baba, bila hifadhi, gorila wangekuwepo?" Akafikiri. Akasema huenda wasingekuwepo, maana mashamba yalikuwa yanapanda mlima kila mwaka, na yeye mwenyewe ni mtoto wa wakulima waliokuwa wanapanda nayo. Kwa hiyo siandiki kuwalaani waliolinda msitu. Msitu ulihitaji kulindwa. Ninachouliza ni kwa nini waliokuwa wameishi nao bila kuumaliza ndio walioonekana adui wa kwanza.

Na tazameni ilivyokuja kulipa. Oktoba 2018 baadhi ya Batwa, wamechoka kungoja ahadi za ardhi, walirudi msituni kwa nguvu zao. Kukawa na mapigano na walinzi. Watu walikufa, Batwa na walinzi pia. Miti ya sehemu ya milimani ikakatwa kwa wingi, mkaa ukashuka kwenda mjini, na si Batwa peke yao waliokuwa kwenye biashara hiyo. Msitu uliotengwa na watu kwa miaka karibu 50 ukaumia kwa sababu ya jeraha lile lile la kuwatenga.

Batwa walipeleka kesi mpaka kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi uliotangazwa mwaka 2024 ulisema haki zao zilivunjwa, na ukapendekeza warudishiwe ardhi ya jadi, walipwe fidia, na serikali iwaombe radhi hadharani. Februari 2025 mji wa Bukavu ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23, na mambo ya ardhi ya Batwa yakazidi kusukumwa nyuma ya foleni.

Haya, nisije nikawa yule anayeona kibanzi cha jirani. Na mimi nina mlima wangu.

Kwetu ni Kibosho, juu kidogo. Ukitoka kihambani kwa bibi, unapita migomba na kahawa, unavuka mfongo, unapanda, unafika "nusu maili". Sisi watoto tulidhani ni jina la mahali tu, kama Mweka au Umbwe. Kumbe ni historia. Wajerumani walianza kuuwekea msitu wa Kilimanjaro mipaka, Waingereza wakaendelea. Mwaka 1941 Waingereza wakatenga ukanda wa nusu maili, yaani kama mita 800, kati ya vihamba na msitu wa serikali, ili wananchi wapate kuni, nguzo na majani ya ng'ombe bila kuingia msitu wa juu. Na usimamizi wa ukanda ule ukawa mikononi mwa baraza la Wachagga wenyewe.

Sitaki kuupamba ukoloni. Walitenga nusu maili baada ya kuchukua mlima mzima. Lakini walau kwenye nusu maili ile palikuwa na mtu wa karibu wa kumwuliza, mtu mnayekutana naye sokoni.

Baada ya uhuru uchifu ukafutwa, ukanda ukaenda halmashauri. Mwaka 1972 halmashauri nazo zikafutwa, zikarudishwa miaka ya 1980. Nusu maili ikapita mkono hadi mkono, na mali inayopita mikono mingi mnajua mwisho wake. Miti ya kamfa ikaanza kutoka usiku. Mwaka 2001 ndege ilizungushwa juu ya mlima kupiga picha na kuhesabu uharibifu, wakakuta maelfu ya miti imekatwa kwa wizi, mashamba ya bangi, moto wa mkaa. Mwaka 2005 msitu ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo tangu mwaka 1973 ilikuwa inaanzia juu, kwenye mita kama 2,700.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alilieleza kwa maneno machache. "Msitu umehama," aliniambia kwenye simu. "Zamani alikuwa jirani yangu, sasa ana geti."

Mtu wa wanyama na maji ataniambia: unataka geti liondolewe, kamfa ziishe, mifongo ikauke? Sitaki. Mfongo ukikauka ni migomba ya kwetu inayokufa, si ya mtu mwingine. Wizi ulikuwepo, na sisi wenyewe tuliwajua baadhi ya wezi. Lakini hapo ndipo hoja yangu ilipo. Bibi alimjua kila aliyepanda na msumeno usiku. Alijua chemchemi ipi ilikauka na mwaka gani. Hicho hukioni kutoka kwenye ndege. Ukipanga mlima bila bibi, unakosa nusu ya habari, na asubuhi yake unakosa pia mlinzi asiyelipwa mshahara.

Mtasema siku hizi sheria zipo. Ni kweli, na ni nzuri. Tanzania ina sera ya misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambazo zinaruhusu kijiji kuwa na msitu wake, chenye kamati, sheria ndogo na mpango wa usimamizi, au kusimamia msitu wa serikali kwa ubia. Wanaita usimamizi shirikishi. Kongo ina sheria ya misitu ya mwaka 2002, sheria ya uhifadhi ya mwaka 2014, na sheria ya mwaka 2022 ya kulinda haki za Batwa na ndugu zao. Kwenye makaratasi hatuna njaa.

Tatizo ni namna ya kuulizwa. Nikiwa sekondari nilihudhuria mkutano mmoja wa hadhara kule nyumbani. Walikuja wageni, wa ofisi gani sikumbuki, wakatundika ramani kwenye mti. Ramani ilikuwa na rangi zake tayari. Wakaongea saa nzima, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kisha wakasema, "Kuna swali?" Mzee mmoja akasimama akauliza kwa nini mstari umepita kwenye mfongo wa ukoo wao. Wakaandika swali lake kwenye daftari. Wakatupigisha picha, wakatusainisha mahudhurio, wakaondoka. Sijui kama yule mzee alijibiwa hadi anaingia kaburini. Lakini jina lake bila shaka liko kwenye ripoti, upande wa "walioshirikishwa".

Kwa hiyo nikilinganisha na zile sentensi zangu nne za hapa Brussels, naona tofauti haiko kwenye wema wa mioyo. Iko kwenye mambo madogo yanayoshikika. Mimi niliulizwa wakati rasimu bado ni rasimu. Niliulizwa kwa lugha ninayoimudu, Kifaransa changu cha kuungaunga, wakati Sheria yetu ya Misitu ya 2002 iliandikwa kwa Kiingereza na sijui mkutano mkuu wa kijiji gani ungeisoma. Na kulikuwa na wajibu wa kujibu, siyo wa kuandika tu kwenye daftari.

Lipo na la nne, gumu kuliko yote. Mimi nikiambiwa "hapana" hapa Brussels, nitarudi nyumbani nikapike kwa gesi. Bibi akiambiwa "hapana", jiko linazimika. Kwa misitu ya vyanzo vya maji kule milimani, ambako kuvuna mbao hakuruhusiwi, kijiji "kinachoshirikishwa" mara nyingi kinapewa doria za usiku na mikutano, na faida inashuka na maji kwenda mjini. Ukimwuliza mtu maoni yake juu ya mzigo wa kubeba, mwulize pia juu ya posho.

Mwaka jana, vuli, nilipanda tramu 44 na mzee wangu. Tulishuka kabla ya Tervuren tukatembea polepole, magoti yake hayamtaki tena. Majani yalikuwa yameanguka, mekundu, mpaka njia huioni. Nikamweleza kwamba kwetu Uchaggani mpaka wa kihamba unapandwa masale, ule mmea wa majani marefu. Na sale lina kazi ya pili. Mtu aliyemkosea mwenzake akienda kwake na sale mkononi, anaomba msamaha, na aliyekosewa hawezi kumfukuza. Mmea mmoja, wa mpaka na wa msamaha.

Mzee akasimama akashika ule mti wa kijivu kama anayempima ng'ombe. Akaniuliza kama waliochora mpaka wa Kahuzi walipanda chochote.

Nikamwambia, nadhani walipanda vibao tu.

Hakusema kitu. Tukaendelea kutembea, tukarudi na tramu ya saa kumi.

Ndugu zangu, hayo ndiyo yaliyokuwa kooni. Mlioko kwetu, mnaokaa jirani na msitu wowote wa mlimani, iwe Meru, Uluguru, Usambara, Elgon au Ruwenzori: mliwahi kuulizwa? Ramani ilikuwa tupu au ina rangi tayari? Na mlijibiwa? Niandikieni, nitamsomea mzee Jumapili.

Tuonane tena hapa kibarazani, Mungu akipenda.